Tupeane uzoefu: ulichokiokota mtandaoni ukashindwa kukaa nacho peke yako

Wakuu, habari za majukumu. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Leo tupeane uzoefu wa yale ya kuchekesha au kushangaza unayoyakuta mtandaoni, ukaona hapana, hili lazima fulani alione. Sizungumzii vile vinavyorushwa kila asubuhi kwenye magrupu yote kwa mpigo. Nasema kitu ulichokichagua ukijua kabisa unampelekea nani.

Naanza. Baba yangu mkubwa alibeba mizigo bandarini miaka mingi, na Liemba anaijua. Nikakuta makala ndefu kuhusu hiyo meli, nikamsomea barazani. Kwamba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja Dar ndani ya makasha 5,000, ikapanda treni hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Mzee anasikiliza huku anamenya muhogo, hayo alishayasikia. Nilipofika kwenye grisi akaweka kisu chini. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Hebu rudia hapo pa grisi," akasema. Nikarudia. Siku hizi ukipita Kibirizi utamkuta anawasimulia vijana wa maboti, na anavyoeleza ile grisi utadhani aliipaka kwa mkono wake.

Karibuni, na nyie mwageni yenu.

Mdau wa Isevya, Tabora: Mimi nilikuta habari ya birika la kahawa la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wa kompyuta walichoka kutembea korido nzima na kukuta birika tupu, mwaka 1991 wakalielekezea kamera ili kila mtu aone akiwa mezani kwake. Mwaka 1993 likaingia kwenye intaneti, dunia nzima ikawa inalichungulia mpaka 2001 kamera ilipozimwa. Niliisoma kwa sauti ofisini saa nne, muda wa chai. Mama anayetuletea chai akacheka hadi akakaa. "Kwa hiyo wasomi wote hao walishindwa kupiga kelele kuuliza kama ipo?" Tangu siku hiyo akifika mlangoni anaita, "Ipo!"

Mdau wa Mwamgongo: Sisi Gombe ni jirani. Nilipata video ya sokwe anachovya ujiti kwenye kichuguu, anautoa umejaa mchwa, anaulamba. Maelezo yake yalisema mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliona jambo hilo Gombe mwaka 1960, na wataalamu wakastuka, maana waliamini ni binadamu peke yake anayetengeneza vifaa. Nikampelekea bibi simu. Akaitazama weee, kisha akasema yule sokwe ana subira kuliko wajukuu zake. Bando langu la wiki liliishia kwenye video hiyo moja, na sijutii.

Mwalimu, Ujiji: Nimefurahi sana kuona Liemba hapa, maana yangu ni ya vita hiyohiyo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1915 Waingereza walileta maboti mawili ya vita kwa meli hadi Cape Town, yakapanda treni, kisha yakaburutwa porini Kongo kwa mashine za mvuke na ng'ombe, yakamalizia kwa reli na mto hadi ziwani Tanganyika. Kamanda alitaka kuyaita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakamkatalia, ndipo yakaitwa Mimi na Toutou. Desemba 26 mwaka huo yakaiteka boti ya Wajerumani, Kingani. Kidato cha pili waliposikia Paka na Mbwa darasa lilivunjika, lakini ramani ya safari ile waliichora wote, hata wale wa dawati la nyuma.

Mdau wa Urambo: Naongeza moja tu. Ukituma kitu, tuma na linki yake. Picha ya chatu ilizunguka hapa eti kaonekana mtoni kwetu, akina mama wakaogopa kwenda kuchota maji. Nilipoitafuta picha yenyewe kwenye Google ikaonekana ilishawekwa zamani, nchi nyingine kabisa. Nikatuma linki kwenye grupu, ndoo zikatoka.

Mleta mada: Mwalimu, tafadhali nirushie hiyo linki ya Paka na Mbwa. Mzee nimeshamdokezea, na ameuliza ng'ombe walikuwa wangapi.