Banjo ya nyuzi tano kwa 14,000 hapa Nakuru: nichukue?

Gita_la_Bondeni:
Habari zenu wapendwa. Napiga gita kanisani hapa Nakuru. Kuna mama Section 58 anauza banjo ya nyuzi tano aliyoachiwa na mpangaji wake, ile yenye bakuli la mbao mgongoni. Haina chapa. Anataka 14,000, mimi nina 12,500. Sauti hiyo nimeitamani tangu marehemu baba alipokuwa akitufungulia nyimbo za kantri redioni. Jana niliishika: nyuzi ziko juu mno hadi vidole vinauma, na sauti imefifia kama sufuria iliyofunikwa kitambaa. Jumamosi narudi. Niangalie nini?

Fundi_Kondele:
Ndugu yangu, usiyachanganye hayo mawili. Sauti kufifia mara nyingi ni ngozi kulegea. Ngozi yenyewe ni plastiki, inakazwa na kulabu zilizozunguka duara. Ibonyeze kwa kidole gumba karibu na daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi. Ikizama kama godoro, imelegea, na hilo linatibika: kaza robo mzunguko kila kulabu, ukivuka upande hadi upande kama nati za gurudumu la matatu.

Nyuzi kuwa juu ndilo la kuogopa. Bonyeza uzi kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uchungulie katikati. Nafasi ya unene wa kadi ni sawa. Ikizidi sana, shingo imepinda. Kama imenyooka, fungua bakuli (skrubu zake zinafunguka kwa mkono) utazame shingo inapoungana na duara. Ndani kuna fimbo ya chuma. Nati yake ikilegea, shingo inavutwa mbele na nyuzi zinapanda. Hiyo unaikaza taratibu. Lakini pitisha kucha kwenye kisigino cha shingo, pale inapokutana na duara. Mimi nilishauziwa moja iliyopasuka hapo, ufa umezibwa kwa gundi na kupakwa vanishi juu. Nilipokaza nyuzi, ikafunguka. Ukihisi ufa, rudi nyumbani na pesa zako.

Litungu_Bungoma:
Nyongeza, kaka: uzi wa tano ni mfupi, unaanzia freti ya tano, na kikazio chake kiko ubavuni mwa shingo. Usidhani kuna kitu kimevunjika. Hakikisha tu hakitelezi. Daraja halijagundishwa, limeshikwa na nyuzi tu, kwa hiyo pima: kutoka kijiti cha kichwani zinapopita nyuzi hadi freti ya 12 iwe sawa na kutoka hapo hadi darajani. Nyuzi zikikosekana, za gita zinafaa ukitoa kishanga cha mwishoni. Wa kwanza na wa tano zote ni za unene wa 10, yaani elfu kumi za inchi (0.010). Nami hufurahi nikikumbuka asili yake ni Afrika Magharibi. Akonting, ala ya nyuzi ya Wajola kule Gambia na Senegal, nayo ina uzi mfupi wa kidole gumba.

Gita_la_Bondeni:
Nimetoka huko sasa hivi. Shingo imenyooka, kisigino kizima, nati ya ndani ilikuwa inazunguka kwa vidole! Nilimwonyesha mama kila kitu, akakubali 12,500. Ngozi nimeikaza raundi mbili na tayari inalia. Fundi, nikaze hadi wapi?

Fundi_Kondele:
Ikigoma kuzama chini ya gumba, acha. Kesho asubuhi rudia kidogo.