Stalin au Truman: nani alianza vita baridi?

Mwalimu_Kondele: Wadau, mkutano wa Yalta, Februari 1945, wakubwa watatu, Marekani, Uingereza na Urusi ya Stalin, walikubaliana Poland ipige kura huru. Stalin akapachika watu wake. Kwangu uchokozi ulianzia hapo. Haya, bishaneni.

JuaKali_Kibuye: Na bomu, mwalimu? Kwenye mkutano wa Potsdam, Truman, rais wa Marekani, alimdokezea Stalin kwamba ana silaha mpya kali. Hazikuisha wiki mbili, Hiroshima ikawa majivu. Jirani akikuonyesha panga hivyo, utalala?

Section58_Nax: Pesa, ndugu zangu! Machi 1947 Mwingereza amefilisika, hawezi tena kuibeba Ugiriki. Truman akaliomba Bunge dola milioni 400 za Ugiriki na Uturuki. Ukaja mpango wa Marshall, pesa za Marekani za kuijenga upya Ulaya, Wacheki wakautaka, Stalin akawakataza. Lakini nyinyi wa Kisumu lazima mumtetee Mrusi, si aliwajengea hospitali ya bure?

Nyalenda_B: Bure?? Chunga mdomo. Siku Kenyatta anaifungua, Oktoba 1969, watu walimiminiwa risasi pale nje. Uliza wazee kwanza.

Section58_Nax: Nimesema jengo, sijasema risasi. Mbona hasira?

JuaKali_Kibuye: Halafu aliyetuletea Mrusi ni Jaramogi Odinga, na siku hiyo alikuwa upinzani, chama cha KPU, tangu 1966. Hiyo ndiyo vita baridi yenyewe, si mambo ya Ugiriki.

Mama_Ahero: Watoto wangu wote nimewazalia Russia, hospitali hiyohiyo. Mmarekani alitujengea nini?

Section58_Nax: Mama, mlipewa ndege za Tom Mboya, zilizopeleka wanafunzi kusoma Marekani! Baba yake Obama alipanda.

Mwalimu_Kondele: Hakupanda. Alienda Hawaii 1959, mwaka uleule, lakini kwa mlango mwingine. Msichanganye.

Nyalenda_B: Wa ndege wakarudi wakapewa viti. Mjomba wangu alisomea Moscow, kila ofisi aliyobisha shahada yake inageuzwageuzwa kama noti bandia. Eti mkomunisti. Mtu wa kanisa kila Jumapili!

Section58_Nax: Pole, omera. Lakini huyo si Truman aliyemnyima kazi.

Nyalenda_B: Na wewe hilo neno la Kijaluo, omera, umelitoa wapi, Nakuru?

Section58_Nax: Nimeoa huko kwenu, Ugunja.

JuaKali_Kibuye: Hahaha! Shemeji, karibu. Basi ongea taratibu.

Mwalimu_Kondele: Jamani, turudi Poland.

Mama_Ahero: Mwalimu, hao wa Poland nao walijenga wapi?