Kikundi chetu cha kompyuta na maonesho ya Nyamanzi: tuingie banda la kampuni au tukae kivyetu? Nahitaji ushauri haraka

KatibuMpya
Assalaam alaykum wadau. Mimi ni katibu wa kikundi cha watumiaji wa kompyuta hapa Unguja. Si kampuni wala taasisi. Tuko watu 38, tunakutana kila Jumamosi baada ya laasiri katika chumba cha skuli tulichoazimwa. Mwenye mashine mbovu huja nayo, anayejua humfunza asiyejua, tukimaliza tunakunywa kahawa tunaondoka. Hakuna anayelipwa.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, chumba hakitoshi. Watu wanakuja na laptopu nzima kabisa, ila wameambiwa haziwezi kupokea Windows 11 kwa kuwa prosesa ni ya zamani au hazina TPM 2.0, kile kijisehemu cha usalama, na wameambiwa dawa yake ni kununua nyengine. Sisi tunawafungia Linux, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta, wa bure, mashine inaendelea na maisha. Ndipo ikatujia fikra ya kufanya mkutano wetu mkubwa kwenye maonesho ya biashara ya Januari pale Nyamanzi, mtu aje na laptopu yake mkononi arudi nayo imepona.

Kampuni moja inayouza kompyuta imetupa nafasi ndani ya banda lake, bure: meza nne, umeme na intaneti. Mwenyekiti wetu yuko Pemba kwa msiba, simu yake haishiki. Wajumbe wananiambia amua wewe. Siku mbili sijalala vizuri. Tuingie au tutafute kihema chetu? Anayetaka kujiunga na sisi aniachie namba yake inboksi.

FundiDarajani
Mkuu, la banda liweke pembeni kwanza, nikuulize la umeme. Mashine ishirini zikichomekwa kwenye ekstensheni ya bei poa, itayeyuka mbele ya wageni. Nenda na zako, nene, na ujue kila meza inachomeka wapi.

Intaneti ya maonesho usiitegemee, watu ni wengi. Pakua kila kitu nyumbani. Flashi ya GB 8 inatosha kwa Linux Mint, aina moja ya hiyo Linux, lakini andaa kumi, na zote uzijaribu kabla. Mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 itilie Mint ya Xfce, ile nyepesi, usiilazimishe kubeba zaidi. Kila mtu atoe nakala ya mafaili yake kabla hajafika. Ukifuta diski yenye picha za harusi ya mwana wa mtu, hutosamehewa.

Na chukua raba ya kufutia penseli. Upepo wetu wa chumvi unakula miguu ya RAM. Nyingi ninazoletewa nikaambiwa zimekufa, nazisugua raba tu zinawaka.

Bi_Mkunazini
Waalaykum salaam mwanangu. Mie nauliza wanawake watakaa wapi.

Wakubwa wenzangu wanakumbuka, Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima kwa kuharibika njia ya kebo ya chini ya bahari inayotoka Bara, tukakaa kiza mpaka Machi 2010. Nilikuwa najifunza kompyuta ukubwani. Jirani mwenye jenereta alifungua chumba chake jioni, tukienda kuchaji simu na kuandika kazi zetu, kila mtu nusu saa. Wanaume wakiwahi kukaa mbele. Zamu ikitufikia sisi, mafuta yamekwisha. Nilimaliza masomo yale bila kujua kuchapisha barua, kwa sababu ya kuona haya kusema "zamu yangu bado".

Kwa hiyo katika hizo meza nne, moja iwe ya wanawake, na anayefunza hapo awe mwanamke. Na iwepo nafasi ya kuswali.

Nahodha_Mstaafu
Umenikumbusha mbali, katibu. Niliishi Ujerumani miaka mingi. Hannover kulikuwa na CeBIT, maonesho ya kompyuta yaliyojitenga na yale makubwa ya viwanda mwaka 1986, na mara ya mwisho yalifanyika 2018. Miaka ya tisini watu wa majumbani walijaa mno, mpaka 1996 na 1998 wakafanyiwa yao peke yao, CeBIT Home.

Nilikuwa sina pesa ya kununua hata kipanya. Mabanda makubwa nilipita nikitazama taa. Nikikaa kwenye meza za vikundi. Pale kijana atakufungulia mashine, akuoneshe kila kitu kilichomo, bila kuuliza una marki ngapi mfukoni. Siku moja nilikaa toka asubuhi mpaka wanafunga, mtu mmoja akinifunza kuunganisha mashine mbili zizungumze. Kwa jina simkumbuki. Kazi niliyofanya miaka kumi na minne baadaye ilitokana na siku ile.

Na vikundi hivi ni vikongwe. Mwaka 1955 huko California, waliokuwa na mashine za IBM waliunda kikundi wakakiita SHARE, wakabadilishana programu ili mmoja asiandike upya alichokwisha kuandika mwenzake. Walizungumza na IBM wakiwa wateja wake, hawakuwa wapiga debe wake.

BintiWete
Yote mazuri, lakini tusome tena alichoandika. Kampuni inauza laptopu mpya. Nyinyi kazi yenu ni kumwambia mtu asinunue laptopu mpya. Kwa nini ikupeni meza nne bure? Kaka katibu, wao wanapata nini?

KatibuMpya
Dada, si kila mtu ana nia mbaya. Wanataka watu waingie bandani mwao, basi. Nembo yao itakuwa nyuma yetu. Mtu akiona mashine yake imekufa kweli, atanunua pale pale. Sioni ubaya.

BintiWete
Nembo hailipii meza nne. Umetia saini kitu?

KatibuMpya
Hapana. Tumezungumza tu.

BintiWete
Basi umewapa nini?

FundiDarajani
Jibu, mkuu. Kimya chako kinanitia wasiwasi, na mie nilikuwa upande wako.

KatibuMpya
Nimekaa saa nzima nafikiria niandike vipi. Waliomba orodha ya wanachama, majina na namba za simu, wapate kuwatumia ujumbe wa kuwaalika bandani. Niliwapelekea Alkhamisi. Majina 164.

Kabla hamjanihukumu, nisikilizeni. Namba ya simu si siri. Tunaiacha kwa bodaboda, dukani, kwenye karatasi ya mchango wa harusi. Kukodi nafasi yetu wenyewe hatuwezi, mfuko wa kikundi una pesa ya kahawa tu. Nilifikiri: ujumbe mmoja au miwili wa matangazo, na badala yake watu mia wanaokolewa mashine zao. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Na kusema kweli kurudi nyuma siwezi, nimeshatoa ahadi.

Bi_Mkunazini
Mwanangu, namba ya mtu ni amana. Aliyekuandikia alikuandikia wewe. Bodaboda nampa namba yangu mimi mwenyewe, kwa hiari yangu, na nikitaka nitamnyima. Mtu hapewi asante kwa kutoa sadaka mali ya mwenzake.

Mie mwaka jana niliacha namba mahali kwa jambo la dawa. Wiki haijesha wananipigia watu nisiowajua kunikopesha pesa, mpaka baina ya magharibi na isha. Nilibadilisha laini. Mwanangu wa kiume yuko Omani, akawa ananipigia kwenye laini ya zamani hanipati, akadhani nimefikwa na jambo. Unajua alivyolia siku aliyonipata?

BintiWete
Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Taarifa uliyoichukua kwa kazi moja huipeleki kazi nyengine bila ridhaa ya mwenyewe. Ubora wa nia yako haubadilishi hilo.

MpitaNjia_Tu
Wadau, mimi naona tunanyweshwa chai, tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Someni vizuri. Juu kasema watu 38. Chini yamekuwa majina 164. Mwenyekiti yuko msibani, simu haishiki. Kampuni haina jina. Skuli haina jina. Halafu rudini ule mstari wa mwisho wa mwanzo kabisa: "aniachie namba yake inboksi". Mtu analia kwamba ametoa namba za watu, na papo hapo anakusanya namba zenu! Huyu ndiye hiyo kampuni. Wangapi mmeshamtumia?

Nahodha_Mstaafu
Mie nilimtumia jana.

MpitaNjia_Tu
Umeona!

KatibuMpya
Wallahi si kweli. Kampuni siitaji kwa sababu sitaki kumchafua mtu kwa kosa nililofanya mimi. Skuli siitaji kwa sababu wametuazima chumba kwa wema. Namba ya mzee imo inboksi, sijampa mtu.

MpitaNjia_Tu
Maneno. Jumamosi iliyopita mlitengeneza nini? Jibu sasa hivi, usiende kutunga.

KatibuMpya
Laptopu ya mwalimu mmoja wa Jang'ombe. Ilikuwa ikijizima kila dakika kumi kwa joto. Tulipoifungua, feni imeziba kwa vumbi na manyoya ya paka. Skrubu za chini zilikuwa ndogo kuliko bisibisi yetu, kijana wetu akaenda kuazima. Tukatoa diski ya kuzunguka tukatia SSD, ile ya kisasa isiyozunguka. Alikuwa na matokeo ya kidato cha pili ndani, tukayahamisha kwanza, mwenyewe amesimama nyuma yetu anasoma dua. Ilipowaka alikaa chini.

FundiDarajani
Bisibisi ile ni yangu.

Kijana mmoja alikuja Jumamosi jioni, akasema anataka ndogo kabisa ya nyota kwa laptopu ya mwalimu wa Jang'ombe. Hajanirejeshea mpaka leo. MpitaNjia, hili si chai. Mie simjui katibu, lakini kikundi kipo.

MpitaNjia_Tu
Haya, la kikundi nimekubali. 38 imekuwaje 164?

KatibuMpya
38 ndio wanachama. 164 ni kila aliyewahi kuandika jina kwenye daftari la mlangoni tangu tuanze. Waliokuja mara moja tu wamo. Wamo wanafunzi walioandika namba za mama zao.

Bi_Mkunazini
Subhanallah. Mama aliandikiwa namba yake hapo ili ajulishwe mwanawe akichelewa kutoka. Wewe umeipeleka kwa wauzaji.

KatibuMpya
Ndilo linaloninyima usingizi, mama. Si banda. Niliuliza la banda kwa sababu hili lilikuwa zito kulitamka.

BintiWete
Sasa tumefika. Kaka, fanya kwa mpangilio huu na usibadilishe. Leo hii waandikie kampuni, kwa maandishi, kwamba orodha ulitoa bila ridhaa ya wenyewe, waifute wasiitumie, na wakujibu kwa maandishi. Kesho kabla ya saa sita, wajulishe wote 164 wewe mwenyewe, kabla hawajajulishwa na simu ya muuzaji. Usiandike "kumetokea hitilafu". Andika "nimetoa namba yako". Meza zao zirudishe kwa adabu. Na daftari la mlangoni liwe na jina tu.

KatibuMpya
Na mkutano ndio basi? Watu wameshaanza kuuliza wapitie wapi.

Nahodha_Mstaafu
Kwani lazima banda? Homebrew, kilabu cha wapenda kompyuta, kilianza Machi 5, 1975, kwenye gereji ya mtu mmoja, Menlo Park, California. Walipozidi wakahamia ukumbi mkubwa, na mkutano ukimalizika walikuwa wakibadilishana vipuri nje, kwenye maegesho ya magari. Steve Wozniak, mmoja wa walioanzisha Apple, aliwaonesha hao hao mashine yake ya kwanza, ile Apple I. Baadaye, Aprili 1977, Apple II ikazinduliwa kwenye maonesho makubwa San Francisco. Lakini kwanza aliwapelekea wenzake waitazame.

Nyinyi nendeni maonesho kama wageni, wawili wawili, mkiwa na vikaratasi: Jumamosi, skuli fulani, baada ya laasiri, njoo na laptopu yako. Kazi ya kufungia ifanyeni kwenu, kwenye umeme mnaoujua.

FundiDarajani
Hilo nalikubali kuliko banda. Diski ya mtu haifutwi katikati ya spika za matangazo. Ila chumba kimoja hakitoshi, kaombeni na cha pili.

KatibuMpya
Nimeandikia kampuni jana usiku. Asubuhi mtu wao amenipigia, hakufurahi, akasema orodha ilishapelekwa kwa wale wanaopiga simu, lakini atawaambia wasimamishe. Nimemwomba aliandike hilo, nalisubiri. Mwenyekiti nimempata kwa simu ya shemeji yake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama na namba ya mkewe imo. Imo.

Nimetuma ujumbe kwa wote, mmoja mmoja. Nimemaliza saa tano na nusu. Wengi hawajajibu. Mama mmoja kaandika: "Kumbe ni nyie. Nishapigiwa mara mbili tangu jana, mtoto wangu nimemzuia asije tena."

Bi_Mkunazini
Huyo usimwandikie. Mpigie, na akikuruhusu nenda kwake ukiwa na mwanamke mmoja wa kikundi. Mtoto asipotezewe masomo kwa hili.

KatibuMpya
Nitakwenda leo baada ya isha, inshallah.

Nahodha_Mstaafu
Namba yangu iache hapo hapo ilipo. Vikaratasi vikiwa tayari nipigie, mie nitasimama getini Nyamanzi na fungu langu.

FundiDarajani
Jumamosi nafika na ekstensheni mbili nene na flashi sita. Mwambieni yule kijana aje na bisibisi.