Likizo bila malipo, pesa za Marekani zimekatika: kumsubiri mwajiri au kutafuta kazi nyingine?

NyandoDelta
Hamjambo wenzangu. Swali linawahusu wafanyakazi wa miradi ya afya hapa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori ambao mishahara yao ilitoka kwa serikali ya Marekani: makarani wa data, washauri wa kliniki za virusi vya Ukimwi, watu wa stoo ya dawa. Wamepewa barua ya likizo bila malipo ya miezi mitatu, na barua inasema watarudishwa "fedha zikipatikana". Miezi hiyo inaisha mwisho wa mwezi huu na hakuna neno lolote. Kuna wanaosema ukionekana unatafuta kazi, mwajiri atadai umejiondoa na haki zako zitapotea. Wengine wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tuchukue mtu wa mshahara wa shilingi 45,000 kwa mwezi ambaye amefanya kazi miaka minne na miezi saba na ana siku 9 za likizo ya mwaka ambazo hajazichukua. Afanye nini?

KaratasiMkononi
Atafute kuanzia leo, ila asijiuzulu. Hayo ni mambo mawili na watu wanayachanganya.

Kutuma maombi na kwenda kwenye usaili si kuacha kazi. Kujiuzulu ni kuandika barua, au kuitwa urudi kazini ukose kwenda bila sababu. Mwajiri anapofunga nafasi kwa sababu ya pesa kwisha, hilo si kosa la mfanyakazi, na Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka afuate hatua. Kwanza atoe notisi ya maandishi, angalau mwezi mmoja kabla, kwa afisa wa leba wa eneo na kwa mfanyakazi mwenyewe, au kwa chama chake kama ni mwanachama. Notisi hiyo itaje sababu na ukubwa wa upunguzaji. Kisha aeleze amechaguaje wa kubaki na wa kuondoka. Halafu ndipo malipo.

Hesabu ya mtu uliyemtaja ni hii. 45,000 gawanya kwa 30 ni 1,500 kwa siku. Fidia ya kupunguzwa ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo 22,500 mara miaka minne, yaani 90,000. Ile miezi saba haihesabiwi kwa sababu mwaka haujatimia. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, 45,000, na siku 9 za likizo, 13,500. Jumla ni 148,500 kabla ya kodi. Wapo wanaogawanya mshahara kwa siku 26 za kazi badala ya 30, na hapo fidia peke yake inafika karibu 103,846. Angalia kandarasi inasema nini kabla ya kukubali hesabu ya ofisi.

Akijiuzulu, ile 90,000 inaondoka na 45,000 ya notisi pia. Tena yeye ndiye atakayedaiwa notisi ya siku 28.

Wakili_wa_Mtaa
Nakubaliana na KaratasiMkononi, lakini angalia kwanza tarehe ya mwisho ya kandarasi. Miradi mingi ya wafadhili huajiri kwa kandarasi ya mwaka mmoja mmoja. Kama kandarasi inafika kikomo tarehe 30 na mwajiri hajairefusha, imekwisha yenyewe. Hapo hakuna kupunguzwa kazini wala fidia ya siku 15, na kutumaini kuongezewa muda hakukupi haki ya kuongezewa. Anayesubiri "barua ya kupunguzwa" katika hali hiyo anasubiri kitu ambacho hakitakuja. Ila kama kandarasi ilikuwa iendelee miezi kadhaa mbele na imekatwa katikati kwa sababu ya pesa, kifungu cha 40 kinamhusu.

Na likizo bila malipo yenyewe: Sheria ya Ajira haimpi mwajiri ruhusa ya kukulazimisha uichukue. Ni mapatano. Ndiyo maana barua nyingi zina nafasi ya sahihi yako chini. Uliyesaini umekubali miezi mitatu, hukukubali miezi sita. Muda ukipita bila mapatano mapya, mwandikie mwajiri. Maneno yanaweza kuwa haya tu:

"Likizo bila malipo niliyokubali inaisha tarehe __. Niko tayari kurudi kazini tarehe __. Kama nafasi yangu haipo tena, naomba notisi na malipo yangu kulingana na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira."

Tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, kisha peleka nakala ofisini igongwe muhuri. Barua hiyo inafunga mdomo wa yeyote atakayedai baadaye kwamba ulitoroka kazi, maana kutoroka kazini bila ruhusa ni kosa kubwa linaloweza kukufutisha papo hapo.

Akikataa au akinyamaza, ofisi ya leba ipo Kisumu na Mahakama ya Ajira inaketi hapa hapa. Malalamiko kwa afisa wa leba kuhusu kufutwa isivyo haki yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Kesi mahakamani ina miaka mitatu. Watu hushika hiyo ya miaka mitatu, wakifika kwa afisa wa leba wanaambiwa wamechelewa.

NyandoDelta
Asante sana. Na akipata kazi nyingine kabla ya kupewa barua ya kupunguzwa? Kandarasi ina kipengele kinachokataza ajira nyingine. Nilisoma kwamba Uingereza wakati wa korona mtu aliyewekwa nyumbani na mwajiri wake aliweza kuajiriwa kwingine.

KaratasiMkononi
Uingereza serikali ililipa asilimia 80 ya mshahara, hadi pauni 2,500 kwa mwezi, tangu Machi 2020 hadi ilipofunga mpango tarehe 30 Septemba 2021. Hata huko, kazi ya pili ilitegemea kandarasi ya kwanza inaruhusu. Hapa hakuna anayekulipa kukaa nyumbani, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Kwa kipengele hicho, aombe ruhusa ya maandishi: anataka kazi ya muda kwa kipindi ambacho halipwi, na haitagongana na mradi. Wengi watakubali kwa sababu hawana pesa za kubishana. Akikataliwa na kazi mpya ni ya kudumu, apige hesabu: 90,000 na 45,000 ni 135,000, mishahara ya miezi mitatu. Asiache kazi ya kudumu kwa ajili ya pesa ambazo shirika lililofilisika huenda lisilipe kwa wakati.

Nasema hivi kwa sababu hata pesa za Marekani zikirudi, hazirudi kwa njia ile ile. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikoma tarehe 1 Julai 2025, na mkataba wa afya kati ya Kenya na Marekani uliosainiwa Washington tarehe 4 Desemba 2025 umekusudia fedha zipitie serikali yetu badala ya mashirika. Kazi ya kupima, kutoa dawa na kuweka rekodi itaendelea, lakini mwajiri atakuwa mwingine. Kwa hiyo "fedha zikipatikana" haina maana ya "utaitwa".

HesabuZaNyumbani
Naongeza mambo yanayosahaulika mshahara ukikatika.

SHA, yaani bima ya afya ya serikali: mwajiri alikuwa anakata asilimia 2.75 ya mshahara na kuipeleka. Asipolipa mshahara hapeleki, na unagundua uko hospitalini. Piga *147#, uangalie hali yako, ujaze tathmini ya kipato, ulipe mwenyewe. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi lakini hulipwa kwa mwaka, yaani 3,600 mara moja. Mwenye mimba au mgonjwa nyumbani aanze na hili kabla ya kitu kingine.

Mkopo wa Sacco: nenda kabla hujakosa mwezi wa kwanza, omba muda wa kulipa urefushwe. Ukikaa kimya, wanaoumia ni wadhamini wako. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, pia iandikie kama bado unalipa, faini ya kutolipa ni 5,000 kwa mwezi. NSSF, akiba ya uzeeni, usiihesabu kabisa, kupoteza kazi hakukupi ruhusa ya kuitoa.

Kondele_Juu
Kwa kutafuta kwenyewe: bodi za utumishi za kaunti hufungua nafasi kwa muda mfupi, halafu usaili huchukua miezi. Anayeanza baada ya barua ya kupunguzwa atakaa muda mrefu bila kitu.

Karani wa data asiandike "Karani, mradi fulani". Jina la mradi halimwambii mtu wa hospitali ya binafsi wala wa Sacco chochote. Aandike: "Niliingiza na kuhakiki rekodi za wagonjwa katika KenyaEMR kwa vituo __, nikatuma ripoti ya kila mwezi kwenye KHIS, nikasahihisha tofauti kati ya rejista na mfumo." KenyaEMR ni mfumo wa rekodi za wagonjwa na KHIS ni mfumo wa taifa wa ripoti za afya. Ajaze idadi halisi, maana ataulizwa.

Adai cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri anapoondoka. Ni haki yake kisheria hata kama wamegombana. Wauguzi na maafisa wa kliniki wahuishe leseni sasa, pointi za mafunzo zinazotakiwa kwa hilo hazipatikani kwa siku mbili.

Cheti cha tabia njema: lipa 1,050 kupitia eCitizen, weka miadi, upeleke alama za vidole Huduma Centre. Fomu ya C24 ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja. Wahudumu wengi wa saiba huitoa kwenye karatasi mbili, na ukifika nayo hivyo unarudishwa ukachape upya.