Diablo II: runi zipandishwe kwenye kyubu au zitumike zilivyo?

Mpiga_Zeal:
Wakuu, naomba tulimalize hili. Nacheza gemu ya Diablo II: Resurrected, mhusika wangu ni paladini, niko Hell (ngazi ngumu kuliko zote), ofulaini. Stoo yangu ina runi, yaani vijiwe vya kutia kwenye matundu ya silaha na deraya: Jah moja, Sur moja, Lo moja, Vex mbili na Gul mbili. Mal, Ist, Pul, Ko na zile ndogondogo ninazo. Ber sina, na bila Ber hakuna Enigma, deraya inayotokana na mpangilio maalumu wa runi (neno la runi).

Nimepiga hesabu. Gul mbili na yakuti nyekundu kwenye kyubu (kisanduku cha kuunganisha vitu, kinachopandisha runi daraja) zinatoa Vex. Vex mbili na zumaridi ni Ohm. Ohm mbili na almasi ni Lo. Lo mbili na topazi safi ni Sur, Sur mbili na amethisti safi ni Ber. Nikizipandisha zote, nabakiza Vex moja tu nifike. Lakini runi hizohizo nikizitumia leo, Lo inanipa deraya ya Fortitude. Gul zikawa Vex, basi nina Vex tatu: moja inaingia kwenye silaha ya Heart of the Oak, mbili zinakuwa Ohm ya silaha ya Call to Arms. Vifaa vitatu leo, na Sur na Jah bado zimelala stoo. Msimamo wangu: kupandisha runi za juu ni hasara, na wanaowaambia wageni "tupia kwenye kyubu" wanawapoteza. Anayepinga aje na hesabu.

Kyubu_Kwanza:
Mkuu, hesabu yako ni nzuri ila imeacha mwendo. Enigma si deraya tu, inakupa Teleport, uwezo wa kuruka papo hapo kutoka sehemu hadi sehemu. Paladini mwenye Teleport anafika Travincal, anaua lile baraza lote la maadui wa pale na kutoka, wewe bado unazunguka msituni unatafuta njia. Anayeua haraka anaokota mengi, na runi zake zinarudi. Fortitude itakupa nguvu ya kupiga, haitakupa miguu. Haba na haba hujaza kibaba. Tafuta hiyo Vex umalize.

Binti_Tanga:
Kibaba chako kinavuja, kaka. Mpaka kufika Pul kyubu inakula runi tatu ikupe moja, na kuanzia Pul inakula mbili ikupe moja. Ist 64 ndiyo Ber moja. Sitini na nne! Mgeni ana Ist nne, mnamwambia apandishe, anaishia na Vex moja, na Ist ya kuwekea Call to Arms hana tena. Mimi nakubaliana na mleta mada.

Kyubu_Kwanza:
Dada, hajaanzia Ist. Amebakiza Vex moja, yaani hizo Ist nne unazozililia. Soma mada.

Binti_Tanga:
Nimeisoma kabla yako. Na baada ya Enigma anabaki na nini mkononi? Fimbo? Teleport haiui mtu.

LedaTu:
Nyote mnazunguka mbuyu. Tatizo la mleta mada ni kucheza ofulaini. Angekuwa onlaini, tena kwenye leda (mashindano ya msimu), angetoa hiyo Jah au angebadilisha runi zake kwa Ber na kulala usingizi. Huku kwetu kila runi ina bei inayojulikana, hakuna anayehangaika na kyubu. Na tuseme ukweli, wa ofulaini mnaandika "players 8" (amri ya kuifanya gemu ijione ina wachezaji wanane), mnajaza stoo, halafu mnakuja hapa kuuliza kama mna shida. Runi ya players 8 mimi siihesabu.

Mombasa_Raha:
Yakhe, hapo umekanyaga watu. Huihesabu wewe kama nani? Seva za gemu hii zimegawanywa Amerika, Ulaya na Asia. Afrika hatumo. Mimi niko Mombasa, nikiingia onlaini paladini wangu ananyanyua nyundo leo inashuka kesho. Hell ukichelewa nusu sekunde umekufa. Unataka nicheze wapi, kwenye leda yako nife kila mlango?

LedaTu:
Wapo wanaocheza kutoka Nairobi na Dar na wanapeta. Usisingizie intaneti.

Mombasa_Raha:
Nairobi si Mombasa, na mtaa wako si mtaa wangu. Wallahi naona watu wenye faiba nyumbani ndio wanaopenda kutufundisha uhalali.

Soketi_Tatu:
Naomba nimjibu LedaTu kuhusu players 8 maana anaongea asichokijua. Ukiweka players 8, adui anakuwa na uhai mara nne na nusu ya kawaida. Hakuna anayekupa runi bure, unapiga mpaka mkono unauma. Na haibadilishi bahati ya runi yenyewe. Inachofanya ni kupunguza zile mara ambazo adui anakufa bila kuacha chochote. Onlaini mkijaa wanane chumba kimoja mnapata jambo hilohilo. Sasa uhalali umeondokea wapi?

LedaTu:
Tofauti ni kwamba wewe uko peke yako. Wanane onlaini wanagombania kilichoanguka. Wewe unaokota vyote.

Soketi_Tatu:
Na naua vyote peke yangu pia! Wewe unasaidiwa na watu saba.

Dogo_Sorceress:
Samahani wakubwa, mimi mgeni. Nimevaa vitu vya magic find tupu (vya kuongeza bahati ya kupata vifaa vya kichawi), nina asilimia zaidi ya 300, mbona runi kubwa hazidondoki? Niongeze?

Binti_Tanga:
Dogo, magic find haigusi runi hata kidogo. Inasaidia vile vyenye rangi: bluu, njano, kijani, dhahabu. Ukitafuta runi vaa vya kuua haraka. Na kwa sorceress aliyeanza, acha ndoto za Enigma. Tafuta upanga wa kawaida wenye matundu manne, weka Tal, Thul, Ort, Amn kwa mpangilio huohuo, utapata Spirit. Askari wako wa kukodi mpe polearm (silaha ya mpini mrefu, si mkuki) ya matundu manne, Ral, Tir, Tal, Sol, hiyo ni Insight, mana haitakuishia. Runi zote hizo Countess, adui wa mnarani, anazitoa.

Dogo_Sorceress:
Asante dada. Huyo Countess anatoa mpaka ipi? Nimesikia mpaka Lo.

Kyubu_Kwanza:
Kwenye Hell ile orodha yake maalumu ya runi inaishia Ist. Kingine kikitoka kwake ni bahati ya kawaida, usikitegemee. Ndiyo maana nasema kyubu ni lazima. Countess anakupa za chini na za kati, Hellforge, kazi moja ya ndani ya gemu, kwenye Hell inakupa kuanzia Hel mpaka Gul na ni mara moja tu kwa kila mhusika. Juu ya hapo utazipata wapi kwa uhakika? Kyubu.

Mzee_wa_CD:
Vijana, runi zenyewe zimekuja na Lord of Destruction mwaka 2001, gemu ya kwanza ya 2000 haikuwa nazo. Halafu toleo la 1.10 mwaka 2003 ndilo lililoleta Enigma na yale maneno makubwa ya runi. Na sikilizeni hapa: Spirit, Insight, Infinity, Grief, hata hiyo Fortitude ya mleta mada, vilikuwa vya leda tu. Sisi tuliocheza kwa CD bila intaneti hatukuruhusiwa. Miaka mingi mno. Ilipotoka Resurrected mwaka 2021 ndipo mlango wa ofulaini ukafunguliwa. Kwa hiyo LedaTu anaposema runi za ofulaini hazihesabiki, anarudisha ubaguzi uleule ambao waliotengeneza gemu wenyewe wameshaufuta. Inaniuma.

LedaTu:
Mzee shikamoo, sijambagua mtu. Nasema ofulaini mtu anafungua faili la mhusika wake kwa programu, anajiandikia Jah kumi, anafunga. Nitajuaje kwamba wewe hukufanya hivyo?

Mzee_wa_CD:
Marahaba. Na wewe nitajuaje kwamba Ber zako hukuzinunua kwa dola? Tovuti za kuuza runi zimejaa, na wateja wake ni watu wa onlaini, si sisi. Enzi zile mtandaoni runi zilikuwa zinanakiliwa, moja inakuwa mia, watu wote wanavaa Enigma zilizotokana na nakala. Ofulaini anayejidanganya anajidanganya peke yake. Onlaini anayedanganya anaharibu soko la wote.

Mombasa_Raha:
Mzee amemaliza.

LedaTu:
Hajamaliza. Sijawahi kununua runi na sitanunua. Mnaniita mwizi kwa sababu nimesema players 8 ni rahisi?

Binti_Tanga:
Hakuna aliyekuita mwizi. Umesema runi zetu huzihesabu, ukategemea tukushukuru?

Mombasa_Raha:
Tena msimu wa leda ukiisha si wanakufutia kila kitu? Unahangaika bure.

LedaTu:
Hawafuti. Mhusika na mali zake wanahamishiwa nje ya leda, vyote vipo. Ona sasa nani anaongea asichokijua.

Mpiga_Zeal:
Jamani, mada yangu ni kyubu.

Soketi_Tatu:
Mleta mada, mimi nakupinga kidogo na sijasahau swali lako. Umesema kupandisha runi za juu ni hasara, lakini ndani ya mpango wako mwenyewe unapandisha Gul kuwa Vex na Vex kuwa Ohm. Hasara iko kwenye kupandisha bila kujua unakwenda wapi. Gul zako mbili zilikuwa zinakusaidia nini? Hakuna. Vex ya tatu inakusaidia. Hapo kyubu imefanya kazi yake. Ila Lo kuivunja iwe nusu ya Sur wakati Lo inatengeneza Fortitude au Grief, hiyo ndiyo hasara. Runi yenye kazi usiipandishe, isiyo na kazi ipandishe hata leo.

Kyubu_Kwanza:
Na Sur yake ina kazi gani pale stoo? Kwa kanuni yako Sur ipandishwe, na ili ipandishwe inahitaji mwenzake, na mwenzake anatokana na Lo. Mnarudi kwangu.

Soketi_Tatu:
Mwenzake atadondoka. Ofulaini ramani haibadiliki ukitoka na kurudi, akipata ramani nzuri ya eneo la Lower Kurast, yale masanduku makubwa karibu na moto anayafungua asubuhi na jioni, kwa players 7. Hapo hata Ber yenyewe inatoka sandukuni bila kyubu.

LedaTu:
Masanduku! Hata adui hamuui. Halafu mnaniambia mkono unauma.

Mombasa_Raha:
Wewe ramani haibadiliki inakuwasha nini?

Dogo_Sorceress:
Swali la mwisho. Nimesikia ukikosea kuweka runi, unaitoa kwa runi ya Hel. Ni kweli? Maana nina Lem nimeiweka kwenye ngao.

Kyubu_Kwanza:
Ndiyo, Hel na karatasi ya kurudi mjini, unaweka na ngao kwenye kyubu.

Binti_Tanga:
Mwambie mtoto yote! Hel inasafisha matundu, lakini kilichokuwa ndani kinaangamia. Ngao inarudi, Lem hairudi. Mtu akisoma jibu la nusu kama hilo akaweka deraya yenye Ber ndani, atalia. Na hii ndiyo sababu namuunga mkono mleta mada asiharakishe: runi ikiingia haitoki, na ikipandishwa haishuki. Mara zote mbili hakuna kurudi nyuma.

Kyubu_Kwanza:
Nimejibu alichouliza.

Mzee_wa_CD:
Dogo, angalia na kifaa chenyewe. Kiwe cha kijivu au cheupe, cha kawaida. Cha bluu chenye matundu hakitengenezi neno lolote la runi, hata upange vizuri namna gani. Na idadi ya matundu iwe kamili. Enigma ni Jah, Ith, Ber kwenye matundu matatu. Deraya ya manne inakula runi zako na hukupata kitu.

Mpiga_Zeal:
Wakuu nimeamua. El, Sol, Dol, Lo, zimeingia kwenye deraya ya Archon Plate ya matundu manne. Fortitude ipo mwilini. Gul zimekuwa Vex. Sur na Jah zinasubiri.

LedaTu:
Hongera. Ila ungempa askari wako wa kukodi, tena iwe ya ethereal, ulinzi wake ni mkubwa kwa nusu zaidi na kwa askari haichakai.

Mpiga_Zeal:
Ethereal sikuwa nayo.

LedaTu:
Onlaini zinauzwa kwa runi ndogo tu.

Mombasa_Raha:
Umeanza tena.

Soketi_Tatu:
Mpiga_Zeal, achana nao. Unahitaji flail (rungu la mnyororo) mbili, moja ya matundu manne kwa Heart of the Oak, nyingine matano kwa Call to Arms. Usizichanganye. Ko, Vex, Pul, Thul kwenye ya manne. Amn, Ral, Mal, Ist, Ohm kwenye ya matano. Unazo?

Mpiga_Zeal:
Ya matano ninayo. Ya manne bado natafuta, usiku huu naingia tena.

Kyubu_Kwanza:
Na hiyo Vex usiiweke mpaka flail ipatikane. Ukiokota Vex nyingine kabla ya hapo, tuongee tena kuhusu Ber.