Kijana wetu kaiba mita ya maji: nianzie ustawi wa jamii au polisi?

Mama Karai
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nipo Tanga mjini, Ngamiani, jioni nakaanga viazi karai barazani. Nalea mtoto wa mdogo wangu, miaka 16. Mamake yuko Oman mwaka wa tatu, kazi za ndani. Shule aliiacha kidato cha pili. Wiki iliyopita alfajiri vijana wa ulinzi shirikishi walimkamata na mita ya maji kwenye kiroba, keshaivunja apate ile shaba. Mita yenyewe ya jirani yangu, mjane anayeuza barafu za ubuyu kwa watoto wa madrasa. Mtoto hakubisha.

Mwenyekiti wa mtaa kanipa mpaka Jumatatu nimpeleke polisi mwenyewe. Mteja wangu mmoja kanishauri nitangulie kwa afisa ustawi wa jamii. Naogopa. Si ndio hao hao wanaomwandikia hakimu? Nikisema mtoto halali nyumbani siku mbili tatu, na pesa ya mamake ilikatika tangu mfungo, hayo hayatamgeukia?

Na kuna jambo linaniuma. Mwaka mzima nimehangaika kutafuta wa kunisaidia arudi shule, hakuna hata aliyeuliza jina lake. Siku kaiba, watu saba wamejaa barazani kwangu.

Mstaafu wa Sahare
Wa aleikum salaam mama. Nimekuwa afisa ustawi mpaka nikastaafu, kwa hiyo sikufichi: ndiyo, yule unayemlilia shida ndiye atakayeandika taarifa ya mahakamani. Kazi hiyo ina miguu miwili, na hata sisi wenyewe ilitusumbua. Ila taarifa ile haiandikwi ili kuthibitisha wizi. Inamweleza hakimu mtoto analala wapi, anakula kwa nani, nani yupo tayari kumsimamia. Hayo ya Oman na ya mfungo ndiyo hasa yanayotakiwa humo. Usiyafiche.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kesi yake husikilizwa mahakama ya watoto, si mbele ya kadamnasi, na hahukumiwi kifungo cha jela. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, au kuagiza fidia. Shule ya maadilisho, anakoweza kupelekwa mtoto aliyekosa ili arekebishwe, ipo Irambo, Mbeya, na huko ni mbali mno na wewe, ndiyo maana taarifa yenye mlezi wa kueleweka ina uzito. Asipopata dhamana, pa kumweka ni mahabusu ya watoto, na Tanga ipo.

Tafadhali beba cheti cha kuzaliwa. Niliwahi kumkuta mtoto wa miaka 15 kaandikwa 19 kwa sababu ni mrefu na hakuna aliyekuja na karatasi. Alilala na watu wazima siku tisa. Mpaka leo sijaisahau sura yake. Kwa hiyo anza ustawi, umwombe afisa mwende naye kituoni.

Lindo Makorora
Mimi nakesha mtaani na filimbi. Pole mama, lakini pole ya kwanza ni ya yule mjane. Bila maji hakuna barafu, bila barafu hakuna chakula. Msije mkamsahau kwa kumhurumia mtoto.

Na mnunuzi wa vyuma chakavu mbona hatajwi? Mtu mzima anayepokea mita kutoka kwa mtoto alfajiri anajua anachonunua, na kupokea mali ya wizi ni kosa. Mtoto aseme alikuwa anampelekea nani. Sisi tukimrudisha kijana kwenye njaa ileile na mnunuzi yuleyule, mwezi ujao nitamkamata tena, na safari hiyo huenda wenye hasira wakanitangulia.

Fundi Boti
Mama mkubwa, shikamoo. Kulala nje siku mbili tatu kumenishtua. Mtazame vizuri: anajikuna, anasinzia mchana, akiamka mafua na tumbo linakata? Mimi nilikuwa teja wa unga, yaani heroini. Niliiba nyavu za baba yangu mwenyewe. Polisi nililala mara nyingi, nikitoka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inanisubiri mlangoni, naiba tena siku hiyohiyo.

Kilichonitoa ni methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. 2014 nilihamia kwa kaka Dar, nikawa naenda Muhimbili, wao walianza kuitoa 2011. Enzi zangu kila siku nilifika, nikanywa mbele ya muuguzi, sikupewa ya kubeba. Ilichosha, lakini sikuwa tena na sababu ya kuiba. Kama ni unga, mwambie afisa siku ya kwanza. Kama si unga, mlete kwangu ajifunze kuziba boti kwa kalafati. Sina mshahara wa kumpa, chakula cha mchana kipo.

Mama Karai
Ahsanteni, nimesoma nalia. Nimemkagua, si unga. Alikuwa analala kwa wenzake ufukweni, anasema nyumbani anaona aibu kula chakula changu.

Mnunuzi kamtaja. Jina nitalipeleka kituoni, halitapita hapa.

Jana nilikwenda kwa mjane na mtoto. Hakutaka kumtazama. Mtoto kaahidi kubeba ndoo zake za maji kila asubuhi mpaka mita mpya ifungwe. Akajibu neno moja tu, "Sita." Leo zimefika sita. Jumatatu tunakwenda ustawi, cheti nimekipata kwenye sanduku la mamake, na mjane amesema naye atakuja, ila bajaji yake mbali.