MJADALA: Pikapu inayobeba watu inyanyuliwe nyuma au iachwe kama ilivyotoka kiwandani?

Mwenye mada

Wakuu habari za mchana, Mtwara kuchele. Najua hii mada itanigombanisha na mafundi wote kuanzia Mikindani mpaka Masasi lakini ngoja niiseme tu. Msimamo wangu ni kwamba pikapu yoyote inayopakia watu nyuma, iwe watu wa gulio, wanakwaya au vibarua wa korosho, isinyanyuliwe kwa kuongezewa majani ya springi (yale mabamba ya chuma yanayobeba gari nyuma), na ambayo imeshanyanyuliwa ikaguliwe uvunguni kabla haijapandisha mtu tena.

Naongea haya mimi mwenyewe nikiwa mkosaji. Nina Hilux, na msimu ule nilipata kazi ya kusomba korosho kutoka mashambani kupeleka ghalani. Fundi akaniuliza unabeba gunia ngapi, nikamwambia kumi na mbili. Gunia ni kilo 80, kwa hiyo hapo ni kilo 960, bado vijana wanne wanaokaa juu ya mzigo. Akacheka, akasema bosi hizi springi zitalala. Akaniongezea majani mawili kila upande, mtumba wa gari kubwa zaidi, halafu chini yake akaweka na bloku ya inchi mbili, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya springi na ekseli, ili tako la gari likae juu. Aisee msimu wote nilitamba, gari imebeba na haijalala, wenzangu matako yanaburuza mimi napita tu.

Korosho zikaisha gari ikabaki tupu, na balaa likaanzia hapo. Mama yangu mgongo unamsumbua, nikamtoa Newala kumpeleka Ndanda. Alikaa mbele na mimi wala sio nyuma. Kile kipande cha vumbi chenye vijituta kama bati, gari ilikuwa haitembei inarukaruka, tako linahama pembeni kila kona, chupa ya chai aliyoibana katikati ya miguu ilichomoka ikagonga dashibodi mfuniko ukaenda kivyake. Tulipofika akashuka kashikilia mlango, akasimama kimya kama dakika mbili mkono kiunoni, halafu akaniambia taratibu, "mwanangu, kurudi mimi nitapanda basi."

Ile kauli ilinilaza uvunguni kesho yake nikiwa na tochi. Nilichokikuta: shokapu, zile bomba za kutuliza mrusho wa springi, ni zile zile za zamani, ziko fupi kwa urefu mpya, zimevutika karibu mpaka mwisho gari ikiwa imesimama tu. Yaani tairi likitaka kushuka kwenye shimo shokapu inalizuia kwa juu, ndio ule mlio wa "ta!" nilikuwa nausikia nikidhani ni bodi. Na ile sheko ya nyuma inayoning'iniza springi, ambayo inatakiwa ilale kidogo kuelekea nyuma ili springi ikinyooka ipate pa kwenda, yangu ilikuwa imesukumwa mbele kwa sababu springi imepinda kama upinde, haina pa kwenda. Springi ipo lakini haifanyi kazi ya springi, imekuwa gogo.

Sasa fikiria kwenye gari kama hiyo wanapanda watu kumi nyuma wamekalia bomba la chuma. Karibuni, matusi hapana.

Fundi wa chini ya mwembe, Masasi

Kaka heshima yako lakini umeongea ukweli nusu. Mteja anakuja na springi zimelala anasema fundi niongezee jani nina safari kesho asubuhi, ukimwambia tupime kwanza uzito anaenda kwa fundi wa jirani. Halafu anarudi miezi mitatu baadaye kulaumu. Wewe mwenyewe umekiri uliomba gari ya gunia kumi na mbili ukapewa gari ya gunia kumi na mbili, siku unambeba mama yako kilo sitini unashangaa nini?

Sasa niwape somo la bure. Ugumu wa jani hauendi kwa idadi tu, unaenda kwa unene. Chukua jani la milimita 6 na jingine la milimita 12, upana sawa urefu sawa, hilo la pili halina ugumu mara mbili, lina ugumu mara NANE. Ndio maana majani ya mtumba ya gari kubwa yanaua raha, fundi kaona ni jani moja tu la kuongeza kumbe kaongeza springi nzima. Ukitaka kuongeza ongeza jani jembamba linalofanana na yaliyopo na lenye mpindo unaolandana nayo.

La pili, lile jani nene la chini lililonyooka, kiwandani wameliachia nafasi makusudi, gari ikiwa tupu haligusi kitu, mzigo ukipanda ndo wenzake wanalilalia. Kuna watu wanaligonga nyundo mpaka linapinda linashikana na wenzake muda wote, hapo umeifuta springi ya gari tupu umebakiza ya mzigo peke yake. Na la tatu, watu wa pwani huku chumvi inawamaliza, kutu inaingia kati ya majani yanagandana, springi haichezi mpaka ipigwe na shimo kubwa. Fungua, sugua kwa brashi, weka vile vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha za majani, funga tena kwa yubolti MPYA, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Nimeona gari inabadilika kwa hilo tu bila kununua kitu kingine.

Kwa hiyo kunyanyua sio dhambi, kunyanyua kwa pupa ndio dhambi.

Dereva wa Liwale

Nyie wa Newala mnaletewa lami, ule mradi wa kilomita 160 kutoka Mnivata mpaka Masasi ukiisha mtakuwa mnateleza, msituamulie sisi. Njoo masika upite Nangurukuru kwenda Liwale na hiyo pikapu yako ya kiwandani uone. Mwaka 2024 mvua zilikata mpaka barabara kuu ya Dar pale Somanga, sembuse huku kwetu. Sisi tunanyanyua sio kwa sifa, tunanyanyua difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, isikae kwenye tope. Marufuku yako ikipita Liwale hatuli.

Mwenye mada

Dereva nakuheshimu sana ila hapo kwenye difu umejidanganya na ulijidanganya pamoja na mimi, maana na mimi niliamini hivyo hivyo. Ekseli ya nyuma ya pikapu ni bomba moja na difu imekaa humo humo katikati. Ukiweka jani au bloku unanyanyua chesisi na bodi, ekseli inabaki pale pale ilipokuwa. Chukua futi pima kutoka chini mpaka kwenye tumbo la difu kabla na baada, hata sentimita moja haiongezeki. Kitu pekee kinachopandisha difu ni tairi kubwa zaidi.

Dereva wa Liwale

Sawa, ila tairi kubwa bila kunyanyua linakula matao ya bodi. Na chesisi ikiwa juu mti uliolala barabarani naruka, maji hayafiki mlangoni. Kwa hiyo bado nanyanyua. Inchi mbili sio dhambi.

Kijana wa Shangani

Wazee mimi nimenyanyua inchi nne na sijawahi kutoka nje ya lami ya mjini 😂 muonekano jamani, muonekano

Fundi wa chini ya mwembe, Masasi

Kijana inchi nne umeweka nini huko nyuma? Usiniambie bloku mbili zimepandana. Bloku ikikaa juu ya bloku nyingine hiyo gari ipaki leo hii, siku ikichomoka moja ekseli inakuaga ukiwa spidi themanini. Bloku moja fupi iliyonyooka yenye tundu la senta bolti (ile ya katikati inayoshika majani) linalokaa sawasawa haina shida sana, nayo haiongezi ugumu wa springi, ndio uzuri wake. Ubaya ni kwamba ukikanyaga mafuta kwenye kilima springi inajikunja kama herufi S, unasikia mtetemo. Na pua ya difu ikibadilika mwelekeo krosi za propela, vile viungio vya shafti inayozungusha difu, zinakufa, pale unaweka kabari chini ya springi kuirudisha.

Dada wa mayai, Nanyamba

Mnaongea majani na kabari, hamjatuuliza sisi tunaokaa huko nyuma. Shikamooni kwanza wakubwa.

Mimi nauza mayai na mara nyingine kuku, usafiri wangu ni pikapu za watu kwa sababu basi linapita mara moja na halisubiri mtu afunge trei. Juzi nilipanda na trei nane, gari imenyanyuliwa nyuma mpaka nikapandia tairi kama napanda mnazi, imebeba watu watano tu na mabegi. Nilikaa chini nimeweka trei kwenye mapaja nazikumbatia kama mtoto. Kila tuta nikawa nasikia "kwi" moja kwenye trei za chini. Tulipofika nikahesabu mbele ya konda, yamepasuka arobaini na mawili, na sketi yangu yote uteute. Konda ananiambia dada ungekaa mbele.

Lakini mwenye mada nakupinga. Ukisema gari zilizonyanyuliwa zisibebe watu, mimi nitabebwa na nini? Bodaboda na trei nane? Wenye sauti mtashinda mjadala mtarudi kwenye magari yenu, sisi tutabaki barabarani na mayai yetu. Mimi sitaki zipigwe marufuku, nataka mzitengeneze.

Mwenye mada

Dada marahaba, na hapo umenigusa, narudisha neno langu kwenye marufuku. Kwenye ukaguzi sirudi nyuma na nitawaambia kwa nini, sio raha tu.

Nikiwa uvunguni niliona kifimbo chembamba kinachotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chesisi. Sikujua ni cha nini nikaenda kuuliza. Hilux nyingi zinacho, ni valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Bodi ikishuka kwa uzito, kifimbo kinaiambia valvu mzigo umekuja, inaruhusu breki nyingi nyuma. Gari ikiwa tupu inazipunguza ili tairi za nyuma zisijifunge zikateleza. Sasa ukiinyanyua, valvu inaona bodi liko juu, inadhani gari ni tupu SIKU ZOTE. Umepakia gunia kumi na mbili na watu wanne, unashuka mlima wa Newala, breki za nyuma zinafanya kazi nusu nusu na za mbele zinabeba msalaba peke yake. Mimi nilishuka ule mlima msimu mzima hivyo hivyo nikipiga miluzi. Nilipojua usingizi ulikata.

Kwa hiyo swali langu nalibadilisha. Kila mwaka tunabandika stika ya nenda kwa usalama, kwa nini hicho kifimbo na mpira wa breki wa nyuma, kama haujavutika, visiangaliwe kwa gari iliyonyanyuliwa? Ni dakika tano na tochi.

Mzee mstaafu, Mtwara mjini

Vijana wangu, mmeandika sana na hakuna aliyetaja upepo wa tairi. Nimeendesha Land Cruiser za kazini miaka mingi, nimeingia mpaka mchanga wa Msimbati. Nawaona mnatembea na tairi nene za mzigo zimejazwa upepo kama mpira wa ligi, gari tupu. Tairi ndiyo springi ya kwanza. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko kimeandika upepo wa gari tupu na wa gari yenye mzigo, kwenye pikapu nyingi tairi za nyuma zina namba mbili tofauti. Mzigo ukishuka punguza, mzigo ukipanda jaza. Pampu ya mguu haina gharama. Watu wanabadilisha shokapu tatu kwa mwaka kumbe tatizo liko kwa kijana wa upepo anayejaza mpaka mkono uchoke.

Mwenye mada

Mzee shikamoo, hilo nililifanya la kwanza na lilinisaidia kuliko nilivyotegemea, vile vijituta vya bati vikawa vinasikika kwa mbali.

Mengine niliyofanya kwa wanaouliza: nimetoa yale majani mawili ya mtumba kila upande, nimebakiza ya kiwandani na jani moja jembamba, lile nene la chini limerudi kwenye nafasi yake. Bloku nimeiacha, inchi mbili ile ile, kwa hiyo Dereva wa Liwale urefu haujapotea wote, umeshuka kidogo tu. Shokapu nimenunua ndefu zinazolingana na urefu mpya, na sio zile ngumu, nilikataa kabisa, maana muuzaji alitaka kunipa za mzigo mzito nikamwambia shokapu haibebi mzigo, mzigo unabebwa na springi, shokapu kazi yake kutuliza. Raba za stopa, zinazozuia ekseli isigonge chesisi, zimeshushwa. Kile kifimbo kimerekebishwa, nikajaribu breki uwanjani mara tupu mara na mzigo. Baada ya siku chache nikakaza yubolti upya, na kweli zilikuwa zimelegea.

Hasara ni kwamba sasa hivi nabeba gunia nane, zikizidi linakaa chini. Msimu ujao ama niende safari mbili ama nifunge ile mipira ya upepo inayokaa kati ya chesisi na ekseli, unaijaza siku ya mzigo unaitoa siku ya mama. Bado napiga hesabu.

Fundi wa chini ya mwembe, Masasi

Gunia nane ndio ulitakiwa ubebe tangu mwanzo. Ila mipira ya upepo kwenye njia zetu angalia miba na mawe, na usiijaze ukasahau, itakuwa gogo jingine.

Dada wa mayai, Nanyamba

Kaka unapita Nanyamba Jumamosi? Nipakie nyuma, nina trei nane. Likipasuka moja unalipa.

Mwenye mada

Napita dada. Ila uje na trei mbili kwanza.